Sauti Inayopita Ukutani

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja mchana, mbele ya vijana wapiga muziki, katika ukumbi wa parokia hapa Katuba, Lubumbashi. Baadhi yao waliniomba niyaandike. Nimeacha sehemu ambazo besi yenyewe ndiyo iliyokuwa ikizungumza, kwa kuwa karatasi haiwezi kuzibeba.

Jambo yenu wote. Wababa na wamama mlioketi nyuma, asanteni kwa kuwaachia watoto waje leo. Bayaya zangu, kaka zangu wakubwa wa orkestra, nawasalimu kwa heshima. Na ninyi wadogo zangu mlioshika magitaa magotini, karibuni mbele, viti vipo.

Nianze na ukuta. Nilikulia Kamalondo, na nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na baa. Kila Jumamosi orkestra ilipiga mpaka usiku wa manane. Sisi watoto hatukuruhusiwa kukaribia mlango, kwa hiyo tulisikiliza tukiwa tumelala, ukuta ukiwa katikati. Mwimbaji hakutufikia. Gitaa la solo, lile ambalo wakubwa walilisifu asubuhi wakinywa chai, halikutufikia. Kilichofika mpaka kitandani kilikuwa besi peke yake. Noti za chini zina mawimbi marefu, matofali hayazizuii kama yanavyozuia sauti nyembamba. Ndivyo ilivyokuwa kwamba nilizijua nyimbo za wakati ule kwa besi zake, na siku nilipozisikia redioni zikiwa kamili nilishangaa kukuta kuna watu wanaimba juu yake.

Yule mpiga besi sikuwahi kumwona uso. Ndiye mwalimu wangu wa kwanza.

Nimeombwa niwataje wapiga besi ninaowapenda, na jinsi walivyowagusa wapigaji wengine. Nitawataja. Ila kila nikitaja jina, jiulizeni pamoja nami: huyu alikuwa na pengo gani mbele yake? Maana katika miaka yote niliyoshika chombo hiki sijaona mpiga besi mkubwa aliyekaa chini akasema leo navumbua mtindo. Kila mmoja alikuta kitu kinakosekana, akakiziba kwa vidole vyake. Waliokuja nyuma yake wakaiga. Kuna walioelewa tundu lilikuwa wapi, na kuna waliobeba kiraka tu.

Wa kwanza nitakayemtaja hakupiga besi. Ni Mwenda Jean Bosco, mtoto wa huku kwetu, aliyezaliwa 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi, na sahani zile za santuri zikamfanya ajulikane mbali sana. Mnajua alivyopiga: vidole viwili. Kidole cha shahada kilitembea kwenye nyuzi nyembamba, kikiimba. Kidole gumba kilibaki kwenye nyuzi nene, kikitembea bila kusimama. Msikilizeni kidole gumba kile peke yake, sahauni kilicho juu. Ni besi. Katanga ilikuwa na besi kabla gitaa la besi halijafika, na ilikaa kwenye gumba la kijana mwenye gitaa moja asiye na orkestra nyuma yake. Pengo lake lilikuwa hilo: yuko peke yake, na wimbo unahitaji mtu wa pili. Akawa yeye mwenyewe wa pili. Alipofika Nairobi, wapiga gitaa wa kule walimwangalia mikono, na mtindo wa vidole viwili ukaota mizizi Kenya kama vile umezaliwa huko.

Ng'ambo ya mto Luapula, ndugu zetu wa Zambia waliziba pengo hilohilo kwa njia nyingine. Hawakuwa na besi ya dukani, wakaiunda: debe au pipa limefunikwa ngozi, shingo ya mti, nyuzi chache nene. Wakaiita kalindula. Na jina la chombo likawa jina la muziki mzima! Fikirini hilo. Muziki wa nchi umepewa jina la besi yake, haukupewa la mwimbaji. Mimi kila nikilikumbuka hilo moyo hunijaa.

Kuna safari nyingine ndefu zaidi nataka mwijue. Wazee wetu walikuwa na kisanji, ambacho Kinshasa wanakiita likembe: vyuma vyembamba juu ya sanduku, unavibonyeza kwa magumba. Watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika ya kati walikwenda na ujuzi huo kichwani, na kule Kuba ukazaa sanduku kubwa liitwalo marímbula. Mpigaji analikalia. Katika orkestra za zamani za Kuba, marímbula ndiyo iliyokuwa besi, kabla kontrabesi, ile besi kubwa ya mti inayosimamishwa wima, haijachukua nafasi yake. Kisha sahani za Kuba zikaja Kongo kuanzia miaka ya 1930, vijana wa mijini wakazisikia, na wakahisi kwamba ile besi inayofika kabla ya pigo, inayokwepa pigo la kwanza, wanaijua. Waliijua kweli. Ilikuwa imerudi nyumbani.

Rumba yetu ikakua juu ya besi ile. Tangu Desemba 2021 iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na siku ile yalitajwa majina mengi ya waimbaji. Sasa niwaulize. Januari 1960, kule Brussels, wakati wakubwa wetu wanajadili uhuru, mwimbaji Kabasele na wenzake walirekodi ule wimbo wa uhuru, Indépendance Cha Cha, ambao kila mtu hapa anaweza kuuimba. Nani alipiga solo? Nasikia mnasema Nico. Vizuri. Nani alipiga besi?

Kimya.

Ni Brazzos. Armand Moango, aliyeitwa Brazzos, mtu wa OK Jazz, orkestra iliyoshindana na African Jazz ya Kabasele. Aliazimwa kwa safari ile. Mioyo yote ya Kongo ilicheza siku ile juu ya vidole vyake, na leo katika ukumbi uliojaa wapiga besi hakuna aliyelijua jina lake. Siwalaumu. Nasema liandikeni.

Sasa tuvuke bahari, maana nina mzee mmoja ambaye siwezi kuondoka hapa bila kumweleza vizuri. James Jamerson. Alizaliwa 1936 kule South Carolina, Marekani, upande wa pwani na visiwa. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto alichomeka kijiti kwenye kichuguu cha sisimizi, akafunga mpira, akaupiga ili sisimizi wacheze. Mnaona? Mti, uzi, na ardhi yenyewe ndiyo sanduku la sauti. Hiyo ni ndugu ya kalindula. Mwaka 1954 alihamia Detroit, akajifunza kontrabesi shuleni, akawa mtu wa jazz. Kisha kampuni ya Motown ikamchukua apige katika studio yake, chumba cha chini ya nyumba, ambako sahani zilitengenezwa mchana na usiku.

Alipohamia besi ya umeme kutoka kwenye kontrabesi, alihama na kidole kimoja tu. Cha shahada, mkono wa kulia. Wenzake wakakiita Ndoana. Wadogo zangu mnaotumia vidole vitatu na bado mnalalamika, sikilizeni: noti zote zile, zinazopanda na kushuka, zinazoruka katikati ya mapigo, ni kidole kimoja. Besi yake ilikuwa Fender Precision ya 1962, yenye nyuzi nene laini zilizokaa juu sana ya shingo, na nyuzi hizo hakuzibadilisha isipokuwa ulipokatika mmoja.

Pengo lake lilikuwa lipi? Nyimbo zile zilikuwa na akordi, yaani noti zinazopigwa pamoja, tatu, nne, zikirudi na kurudi, na yeye alikuwa mtu wa jazz. Angeweza kusimama kwenye noti ya msingi akapokea mshahara wake. Badala yake akajaza nafasi kati ya akordi moja na nyingine: noti ya njiani hapa, uzi ulioachwa wazi pale, kusubiri kidogo, kisha kuteleza. Wimbo wenye akordi tatu ukawa na safari ndani yake. Mwimbaji alibaki mbele, hakuguswa. Hapo ndipo ninapompenda kuliko wote. Alicheza mengi sana bila kumkanyaga mtu.

Kwa miaka mingi jina lake halikuandikwa kwenye sahani. Watu wa dunia nzima walicheza dansi juu ya vidole vyake pasipo kujua ni vya nani, mpaka 1971, albamu moja ya mwimbaji wa Motown, Marvin Gaye, ilipochapisha majina ya wapigaji. Mwaka 1983 Motown ilifanya sherehe kubwa ya miaka 25 mbele ya kamera za televisheni. Jamerson alikuwa ukumbini, juu, kwenye viti vya watazamaji, na tiketi aliyoinunua mwenyewe. Mwaka huohuo alifariki, akiwa na miaka 47.

Nimesimama kidogo hapo, samahani.

Huko Uingereza kulikuwa na kijana anaitwa Paul McCartney, mpiga gitaa. Mwaka 1961 mpiga besi wa kundi lao, Beatles, aliamua kubaki Hamburg, na katika wale waliobaki hakuna aliyeitaka besi. Ikamwangukia yeye. Akanunua Höfner yenye umbo la fidla, nyepesi, ambayo haionekani vibaya ikishikwa kwa mkono wa kushoto. Wakati huo sahani kutoka Detroit zilikuwa zikivuka bahari. Baadaye McCartney alimtaja Jamerson waziwazi kuwa ndiye aliyemfundisha kwa mbali. Sikilizeni besi yake kuanzia 1966 hivi: inaimba wimbo wake wa pili chini ya wimbo wa kwanza. Sauti si ya Jamerson hata kidogo. Alichochukua ni ruhusa. Alijua sasa kwamba besi inaruhusiwa kuwa na mawazo yake.

Hiyo ndiyo athari ninayoiheshimu, wadogo zangu.

Turudi kwenye kidole gumba. Oakland, California, kijana Larry Graham alikuwa akipiga muziki na mama yake, mama akiwa kwenye piano na kuimba. Siku moja mama akaamua wafanye kazi wawili tu, hakuna mpiga ngoma. Sasa nani atashika mapigo? Larry akaanza kuugonga uzi mnene kwa gumba, mahali pa ngoma kubwa, na kuuvuta uzi mwembamba kwa kidole kingine, mahali pa ile ngoma ndogo inayolia kali. Basi. Akaenda na ugongaji huo kwenye kundi la Sly and the Family Stone, na tangu hapo dunia nzima inagonga. Marcus Miller anagonga. Victor Wooten anagonga kwa gumba linalokwenda chini na kurudi juu. Vijana wote wa makanisa ya Lubumbashi wanagonga.

Ninyi mnaogonga Jumapili, niambieni: mpiga ngoma wenu yuko wapi? Yuko palepale nyuma yenu, na ngoma kubwa yake, na ile ndogo inayolia kali. Larry aligonga kwa kuwa kiti kile kilikuwa kitupu. Mkigonga juu ya mtu aliyeketi, mnampiga kumbo. Sisemi muache. Nasema sikilizeni kwanza anapiga wapi, halafu gongeni pale asipopiga.

Na Victor Wooten, kwa kuwa nimemtaja: yeye ni wa mwisho kati ya wavulana watano. Kaka zake walikuwa na kila kitu isipokuwa besi. Kaka mkubwa, Regi, akachukua gitaa lake moja, akatoa nyuzi mbili, akampa mtoto aliyekuwa bado hajaanza hata shule. Gitaa lenye nyuzi nne tayari ni besi kwa mtoto. Ninyi msio na franga za kununua besi, nimewapa hiyo bure.

Sasa Jaco Pastorius, na hapa nina kosa langu la kueleza. Jaco alikulia Florida, kwenye joto lenye unyevu. Aliweka akiba akanunua kontrabesi, na unyevu ule ukaipasua. Ninyi mnaojua gitaa linavyovimba hapa kwetu mvua zikianza, mnamwelewa. Aliitaka bado ile sauti ya mti inayoteleza na kulia. Akachukua besi ya umeme, Fender Jazz Bass, ikawa haina vile vyuma vidogo vya shingoni: vimeng'olewa, mifereji imezibwa, juu imepakwa gundi ngumu ya mashua. Albamu yake ya kwanza ilitoka 1976 na wapiga besi wa kila bara wakainua vichwa. Kule Douala, kijana wa Kamerun aitwaye Richard Bona alisikia sahani ile, akaliacha gitaa akashika besi. Leo Bona mwenyewe ni chemchemi ambayo wengine wanachota. Jaco alifariki 1987, ana miaka 35.

Mimi nilipata kaseti ya Jaco nikiwa kijana. Nilikaa nayo miezi sita. Nilijifunza mbio zake moja baada ya nyingine, mpaka vidole vikatoa malengelenge. Kisha tukaitwa kwenye harusi, si mbali na ukumbi huu. Wimbo ukafika kwenye sebene, ile sehemu ya kucheza, magitaa yakafunguka, wamama wakasimama na vitambaa mkononi, na mimi nikaanza kumwaga kila nilichokijua. Katikati ya sebene nikaona shangazi za bibi harusi wanarudi kwenye viti. Hawakukasirika. Miguu yao ilikuwa imekosa pa kukanyaga. Yaya wetu wa solo akanisogelea, huku bado anapiga, akaniambia sikioni: "Mudogo yangu, tunakutafuta chini, hatukuone."

Maneno hayo nimeishi nayo tangu usiku ule. Tunakutafuta chini.

Wiki iliyofuata yaya yule aliniketisha na kaseti nyingine, ya TPOK Jazz, ile OK Jazz niliyoitaja, akaniambia nimsikilize mpiga besi wao Decca Mpudi tu. Nyimbo ndefu, zaidi ya dakika kumi. Decca anachukua sentensi fupi, anaipiga, anaacha tundu. Anaipiga tena, anaacha tundu lilelile. Katika tundu lile ndipo mguu wa mchezaji unapotua. Nilidhani nitachoka kusikiliza baada ya dakika mbili. Dakika ya nane nilikuwa nimesimama nacheza. Anarudia, lakini kila marudio yanakuja na uzito tofauti kidogo, kama mama anayesonga bukari: mkono unazunguka vilevile, unga unazidi kukaza. Jaco alikuwa akijibu kontrabesi iliyopasuka. Decca alikuwa akiwajibu watu waliosimama wacheze. Na mimi kwenye harusi ile nilikuwa mbele ya watu waliosimama wacheze.

Jaco sikumwacha. Siku mwimbaji anapoanza polepole, kabla ya sebene, namtumia hapo, noti ndefu zinazolia. Pale pana nafasi yake.

Nimalize na jambo linalonitia wasiwasi kweli. Wengi wenu mnajifunza kwa simu. Sikatai, simu imewaletea walimu ambao mimi ningeuza shati langu ili niwaone. Ila simu ina ugonjwa. Uzi wa mi, ule mnene kuliko wote wa besi yenu, ukiachwa wazi, unatetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Spika ndogo ya simu haiwezi kusukuma hewa kwa mwendo huo. Mnachosikia ni vivuli vya juu vya noti ile, na sikio linakisia iliyobaki. Kwa hiyo simu inawaletea makofi ya gumba, mbio za juu, mikwaruzo, na inawanyima chini. Halafu nakuja kwenye repetisyo, kwenye mazoezi, nakuta wapiga besi wanapiga kama solo, na kinanda kwa mkono wa kushoto ndicho kinachofanya kazi yao. Hamjaharibika. Mmejifunza kwa uaminifu kile simu ilichowapa. Mimi nililelewa na ukuta uliozuia kila kitu isipokuwa besi, ninyi mmelelewa na simu inayopitisha kila kitu isipokuwa besi.

Tafuteni vipokea sauti vya masikioni vilivyo vizuri, hata vya kuazima kwa zamu. Kaeni karibu na bafle, ile spika kubwa, wakati wa ibada. Mkichagua mtu wa kumwiga, mfuateni miezi, si dakika. Na mtafuteni yeye alimsikiliza nani, mkamsikilize huyo pia: Jaco alimsikiliza sana mpiga besi Jerry Jemmott, na mtu anayemjua Jemmott anamwelewa Jaco vingine kabisa.

Sasa nataka tufanye kitu. Yule mdogo mwenye besi nyekundu, njoo uchomeke kwenye ampli. Na wewe wa ngoma, wewe wa akompa, gitaa la kusindikiza, na yaya wa solo, kaeni naye. Pigeni chochote, mradi kuna sebene ndani yake. Sisi wengine wote, wamama pia tafadhali, tunatoka nje, tunafunga mlango, na tunasimama nyuma ya ukuta.